Sinia la Mawakili

Zamani katika nchi ya Buha, huku Kigoma, mtu hakuulizwa kabila lake mbele ya watu. Aliyelijua alinyamaza, na asiyelijua alisubiri mpaka alijue kwa macho yake. Baadaye serikali ikafundisha kwamba sote ni ndugu, na kuuliza kukawa utovu wa adabu kabisa. Adabu hiyo ilidumu hadi mwaka 1998, mawakili walipoleta Kasulu kitu kinachoitwa siku ya mila.

Kampuni yao ilikuwa kubwa, makao yake Dar es Salaam, na ilikuwa na matawi kila mahali ambako watu walikuwa wameacha kusikilizana. Kasulu walifuata kazi za mashirika ya wakimbizi: mikataba ya malori, ya maghala, ya visima vya kambi ya Nyarugusu. Kesi za mashamba zikaja zenyewe. Ugomvi wa mpaka wa shamba ambao wazee wa baraza waliumaliza kwa mtungi mmoja wa pombe, jua likiwa bado juu, sasa ulihitaji wakili, mhuri na subira ya mwaka mzima.

Mchapaji wa tawi hilo aliitwa Kezia Niyomwungere, mzaliwa wa Busunzu, wilaya ya Kibondo, binti ambaye vidole vyake vilikimbia juu ya mashine kama mvua juu ya bati. Ukimwuliza kwao alisema, "Busunzu," kisha akageukia karatasi zake. Babu yake alivuka kutoka Burundi enzi za Mwingereza, akakaa kwanza Mabamba, lakini hilo halikuwa jambo, kwani nusu ya Kibondo ina babu aliyevuka. Alichokificha Kezia ni kwamba kwao ni Watwa, wafinyanzi wa vyungu.

Asiyezaliwa huku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Vyungu vya Mtwa viliingia kila nyumba, Mtwa mwenyewe hakuingia. Alikaa uani, hakupewa kigoda, na kama alikuwa na kiu alimiminiwa maji kwenye kigae. Kezia alipokuwa darasa la tatu alimfuata rafiki yake nyumbani, akaomba maji, akapewa kibuyu kizuri. Alipokuwa akiondoka alimwona mama wa rafiki yake anakivunja kile kibuyu kwa mchi, taratibu, kama mtu anayepasua kuni. Hakuna aliyemtukana. Hakurudi tena katika nyumba ile.

Sasa ofisini kulikuwa na sinia. Mkuu wa tawi, Wakili Tunu, alikuwa mwanamke wa Tanga, na wiki ya kwanza aliwakuta wafanyakazi wake wakila mchana kila mmoja amegeukia ukuta wake. Akachukizwa. Akanunua sinia pana kama gurudumu la gari, akamweka jikoni Mama Deborah, Mkongomani aliyeolewa hapo Kasulu, akaamuru wote wale pamoja kwa mkono: mawakili, dereva, mkalimani, mchapaji, mfagizi.

Siku za mwanzo Kezia alisema tumbo linamsumbua. Kisha mvua za kwanza zilipoanza, harufu ya migebuka, samaki wa ziwani, na mawese ikamshinda, akanawa mikono, akakaa. Alikaa kati ya Abbasi dereva na Mzee Evaristi Manirambona, mkalimani wa Kiha na Kirundi, mzee mkavu ambaye marehemu baba yake alikuwa mkubwa wa baraza upande wa Mabamba. Mikono yao iligongana katika ugali. Hakuna aliyeshtuka. Tangu hapo Kezia hakukosa chakula cha mchana hata siku moja; angeweza kukosa mshahara kwanza.

Basi siku moja Wakili Tunu akawakusanya.

"Wakubwa wa Dar wanataka kila tawi lifanane na watu linaowahudumia," alisema. "Wanawake kwa wanaume, Waislamu kwa Wakristo, makabila yote. Asiwepo wa kujiona mgeni humu. Kwa hiyo Ijumaa kila mtu alete kitu cha kwao, asimame, atuambie kabila lake na mila zake. Tujuane, jamani!"

"Mimi baba Mmanyema, mama Mnyamwezi, na nimezaliwa Ujiji," alisema Abbasi. "Nilete nini, wakili? Nije na gari?"

Watu wakacheka. Mzee Evaristi hakucheka.

"Wakili, sisi wa mpakani tukianza kuulizana makabila, huwa hatuishii kwenye makofi."

"Ndiyo maana tunaanza upya, mzee wangu," alijibu Wakili Tunu kwa furaha. Moyo wake ulikuwa safi. Hakujua tu amekanyaga wapi.

Jumapili Kezia alipanda lori hadi Busunzu. Alimkuta mama yake, Dorcas, anakanda udongo kivulini, akamweleza.

"Peleka kikapu," alisema mama bila kuinua macho. "Kila mtu ana kikapu. Sema wewe Mha, basi. Kiha unakisema kuwashinda wao."

"Na wewe nitakuwa nimekuweka wapi, mama?"

"Mimi nimekula bila wao maisha yangu yote, mwana wanje, mwanangu, na sijafa njaa. Wewe ndiye unayewapenda."

Kezia akanunua kikapu sokoni.

Ijumaa ikafika. Abbasi alileta kofia ya babu yake, akaeleza kwa kirefu jinsi babu huyo alivyowatoroka wake wawili. Mama Deborah alifunga kitenge, akacheza kidogo mlangoni, akarudi jikoni kwake. Kisha Mzee Evaristi akafungua blanketi lililozunguka mtungi mweusi, mkubwa, uliong'aa kwa miaka ya kushikwa.

"Huu ni wa baba," alisema. "Wazee wa baraza waliuzunguka na mirija yao. Aliyeshinda na aliyeshindwa walikunywa humu humu, na hakuna aliyekata rufaa." Mawakili wakacheka, mzee akaupangusa mtungi kwa kiganja. "Yote hayo yamekwisha. Mitungi ya siku hizi inavuja kabla harusi haijaisha. Huu ulifinyangwa na Mtwa mmoja wa kule Mabamba. Jina lake silijui."

Kezia alikuwa ameshaiona nakshi. Chini ya mdomo wa mtungi palipita alama ya kamba iliyoviringishwa mara mbili, na chini yake dole gumba limebonyeza hapa na pale. Alilala utoto wake wote akiitazama alama hiyo kwenye vyungu vya bibi yake. Na huyu mzee alikunywa humo, na baba yake alikunywa humo, na jina hawalijui.

Akasimama kabla zamu yake haijafika.

"Kikapu hiki nimekinunua jana sokoni, hakina habari yoyote," alisema. "Huo mtungi ni wa bibi yangu. Jina lake ni Ndayikunda. Kwetu sisi ni Watwa."

Wakili Tunu akapiga makofi. "Vizuri sana, Kezia!" Akaendelea kupiga peke yake, akatazama huku na huku, akaacha.

Mfagizi alikuwa ameinamisha kichwa. Abbasi alikuwa anachunguza kofia ya babu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mama Deborah akaingia na sinia, likifuka moshi, akalitua mkekani. Mzee Evaristi akainuka, akatoka nje.

Kezia akakaa mahali pake. Alifikiri aseme tumbo linamsumbua. Alifikiri kwamba kesho sahani yake itatengwa, kisha atatengwa kikombe, kisha kiti, na hakuna atakayemtukana.

"Munakula ao munaangaliana?" Mama Deborah alifoka kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Bugali iko inapola!"

Nje maji yakasikika yakimwagika kutoka kwenye kopo. Mlango ukafunguka. Mzee Evaristi aliingia akikung'uta mikono iliyolowa, akaja moja kwa moja penye nafasi yake, pembeni ya Kezia.

"Sogea, binti. Umejitandaza kama ofisi ni ya baba yako."

Kezia akasogea.

"Alikuwa mwanamke mrefu?" mzee akauliza huku akimega ugali. "Mwenye kicheko cha kuvuka mto?"

"Ndiye."

"Ndayikunda." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja. "Baba angekuwepo hapa, angeinuka akaenda zake."

"Na wewe, mzee?" Abbasi alishindwa kujizuia.

"Mimi nimekula na huyu tangu mvua za kwanza. Kama lipo la kunipata, lingeshanipata. Pisha mkono wako, dereva, nina njaa."

Abbasi akaangua kicheko, kikawa kirefu kuliko mzaha wenyewe. Mfagizi alisitasita, siku hiyo alikula kwenye sahani, na wiki nzima baadaye. Kisha akarudi, maana vipande vya samaki vilikuwa kwenye sinia. Dar wakaambiwa siku ya mila imefana, nao wakafurahi, na Wakili Tunu hakuwahi kujua ilifana kwa lipi.

Sinia lenyewe halipo tena. Ofisi hizi zimekua, kila mtu anafungua kopo lake mezani kwake, na hakuna anayetengwa kwa kuwa hakuna anayekaa na mwenzake. Wanaita hayo maendeleo.

Ijumaa ile lilikuwepo. Kezia alimega tonge la kwanza, akachovya, akala. Akamega la pili. Mzee Evaristi alikuwa ananung'unika kwamba maharage hayana chumvi. Kezia akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumapili, akanyoosha mkono katikati kabisa ya sinia, akamwomba Abbasi amsogezee pilipili.