Mifupa ya Mama na Beseni la Dagaa

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, mama yangu alipojikwaa kwenye kizingiti cha mlango, hapa hapa Busia, akienda kutawadha. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini tu, taratibu, na mimi, msichana asiyejua kitu, nikacheka nikidhani anatania. Kumbe mguu umevunjika.

Mama alikuwa mnene, na mtaani tuliamini mtu mnene ana mifupa ya chuma. Aliuza sokoni dagaa wa Majanji, kule ziwani, na beseni lake alijitwika mwenyewe, hakutaka mchukuzi aliguse. Alipopatikana na ugonjwa wa sukari, tulimwonea huruma mno sisi watoto wake. Kwetu mgonjwa hashiki kazi. Tukamchukulia beseni, tukamchukulia ufagio, hata maji ya kunywa tukawa tunamletea mkekani. Alikaa pale muda mrefu, maskini, akiuliza kila jioni kama dagaa wake wamenunuliwa. Tulijiona watoto wema kupita wote mtaani, mpaka siku ile ya kizingiti.

Daktari huko Tororo, tulikompeleka na mguu wake, alitueleza bila haraka. Mfupa uko hai, alisema. Ndani yake mna chembechembe zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, wale wajenzi wanalegea, na mfupa unakuwa rahisi kukatika hata kama kwenye picha ya eksirei unaonekana mzima. Ukishavunjika, unachelewa kuunga. Tena kinachowaamsha wajenzi ni mwili kutembea na kufanya kazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama atarudi sokoni kwa miguu yake. Daktari hakumwahidi.

Plasta ilikaa mguuni mpaka tukaizoea. Ilipotolewa, daktari akasema sasa atembezwe. Sisi tukaogopa, tukamrudisha mkekani.

Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, kutoka Mulanda, na kuku kwapani. Alimkuta wifi yake analishwa uji kwa kijiko, na mikono yake ni mizima. Shangazi hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Nyinyi munapenda huyu mama mpaka munamumaliza," alisema. "Kazi yote mumetoa kwake. Sasa hiyo mifupa itapata nguvu wapi?"

Mama akaanza kulia, na akanyoosha mkono ainuliwe.

Tukamwinua. Kwanza alishika ukuta, halafu akazunguka ua, halafu akafika barabarani akiniegemea begani. Chai yake tukaipunguzia sukari, dawa akameza bila kuruka, na dagaa akawala na mifupa yao yote, akitucheka sisi tulioitoa na kuitupa. Ilichukua muda, na zilikuwepo siku za kukata tamaa. Lakini asubuhi moja aliingia sokoni kwa miguu yake, ameshika kibeseni kidogo. Wenzake wakamwachia nafasi yake ya zamani. Mimi nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Sasa ninayo sukari mimi, mwanangu. Na jana uliponiona nafagia ua, ulininyang'anya ufagio ukaniambia nipumzike. Najua ni mapenzi. Nilikuachia kwa sababu yalinigusa, lakini usiku wote nilikuwa nauwaza ule mkeka wa mama.

Basi nisikilize. Nipime sukari, nikumbushe dawa. Ondoa hilo jiwe mlangoni na uniwekee taa kwenye njia ya msalani, maana macho na nyayo zangu si za kuaminika tena. Nikisema kizunguzungu, nishike. Lakini usinikalishe. Twende pamoja mpaka sokoni, pole pole, mkono wako mkononi mwangu. Na wewe mwenyewe, ungali kijana, tembea, upunguze soda, ukapime mapema.

Mungu akulipe kwa huruma yako, mwanangu. Akupe uzee wa kusimama kwa miguu yako, na watoto wa kukushika mkono kama unavyonishika.

Haya, nirudishie ufagio wangu.