Kofia ya Mtoto Ukutani

Kuna nyumba ndogo hapa Goma inayohifadhi mikeka, vinyago na vyombo vya nakshi vya zamani. Niliingia humo kukwepa mvua. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi, naye viatu vyake vikichuruzika maji.

Alisimama mbele ya kitu kidogo kilichosukwa kwa nyasi, chenye ncha juu. Kilitundikwa ukutani kikiwa na maandishi: "Kofia ya mtoto."

"Papa," alimwuliza mlinzi, "ni mutoto gani iko na kichwa kidogo hivi?"

Hakungoja jibu. Alikitungua, akavuka chumba, akakiweka juu ya chombo cha mbao cha maziwa kilichokuwa mezani. Kilikaa sawasawa.

"Chombo ya maziwa hatuiachaka wazi," alisema, akipangusa mikono kwenye kitenge.

"Mama, hapana gusa," mlinzi alisema, akifungua daftari la vitu. "Ku rejistre ni vitu mbili. Vilifika siku mbalimbali."

Mama alimtazama kwa utulivu. "Mimi na bwana yangu pia tulifika ku kambi siku mbalimbali. Walituandika familia mbili."

"Bila mukubwa wa kazi siwezi kubadilisha."

"Na kule walisema vile vile."

Juzi nilipita tena. Kifuniko kimerudi ukutani, na bado ni kofia. Kwenye kitabu cha wageni niliandika kwamba makumbusho haya yanaonyesha maisha yetu bila kukosea.