Kibali Kilichoanza na Mbuzi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza. Nilifika Migwani, Ukambani, Kenya, nyumbani kwa mume wangu, mvua ikiwa imeanza, mama mkwe akanipa chai kisha akanionyesha shamba la ndengu. Shamba sikulilalamikia. Nililalamikia pasipoti. Kwa miaka mitatu nililima, nikajifunza kupika muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa na maharage, nikajifungua binti, na bado muhuri kwenye pasipoti yangu ulisema mimi ni mgeni niliyekuja kutembea.

Tunaishi Emali, ambako mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki, na Migwani tunakwenda msimu wa shamba. Kwetu ni Rombo, upande wa Tanzania, na kutoka Emali barabara inakwenda moja kwa moja hadi Loitokitok na mpakani. Kwa hiyo kila kibali changu cha mgeni kilipokaribia kuisha nilivuka, nikasalimia wazazi, nikarudi na muhuri mpya. Nilijiona mjanja. Kisha siku moja ofisa wa upande wa Kenya, mtu mpole mwenye miwani, akafunua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa.

"Madam, wewe si mgeni. Wewe unaishi huku," akasema. "Tafuta kibali ya kukaa kama bibi ya Mkenya. Ukitoka tena na urudi bila cheti ya ndoa, sitakuingiza."

Alinigongea muhuri wa mwisho, nikaondoka. Mume wangu na duka lake walikuwa upande huu, mtoto alikuwa bado ananyonya, na mimi nilikuwa nimebakiwa na muda mfupi tu wa kuwa mtu halali.

Cheti hatukuwa nacho. Tulipendana, tukaanza kuishi pamoja, wazazi wakatubariki kwa simu, basi. Ofisi ya msajili ikatuambia ndoa ya kimila inasajilika, mradi tupate barua ya chifu na mzee wa ukoo wa kuithibitisha. Nikaona kazi imekwisha. Baba mkwe alishafariki, lakini kaka yake, ambaye namwita Baba Mkubwa, ananipenda. Kila tukienda Migwani ananichumia papai lililoiva kuliko yote. Tukamfuata.

Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. "Mimi siwezi weka sahihi," akasema.

"Kwa nini, Baba Mkubwa?"

"Hatujapeleka mbuzi ya ntheo kwenu. Hiyo ikikuliwa na watu wenu, ndio tunasema wewe ni bibi ya huku. Saa hii wewe na huyu mtoto ni wa baba yako. Sasa nikiweka sahihi, si nitakuwa nimedanganya serikali na Mungu?"

Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira mdomo hunitangulia. "Mpakani naambiwa mimi si mgeni, na nyumbani naambiwa si wa huku? Basi ndengu zenu palilieni wenyewe." Mume wangu alitazama chini. Baba Mkubwa hakukasirika hata kidogo.

"Sijasema hapana," akanijibu. "Nimesema mbuzi."

Njia nzima ya kurudi Emali nilimshauri mume wangu atafute mzee mwingine, mwenye sahihi nyepesi. Kabla ya wiki kwisha Baba Mkubwa akashuka Emali na mbuzi aliowafuga mwenyewe. Soko la Emali limejaa mbuzi, lakini wa sokoni hakuwataka. Daktari wa mifugo akawapima, wakaandikiwa kibali cha kuvuka siku hiyohiyo. Nilicheka kicheko cha uchungu. Mbuzi walikuwa wamenitangulia kupata karatasi.

Tatizo ni kwamba kimila mbuzi hao hawakuweza kuliwa bila mimi kuwepo. Nisipokwenda, hakuna sahihi. Nikienda, nimetoka nje ya Kenya, na yule ofisa alishasema neno lake. Mume wangu akafunga duka, tukaenda wote, mtoto mgongoni. Mwenye miwani alikuwepo dirishani.

"Umesahau nilikuambia nini?" akauliza.

"Sijasahau," nikasema, na akanigongea muhuri wa kutoka.

Upande wa Tanzania ikawa zamu ya Baba Mkubwa. Alikuwa hajawahi kutoka nje ya nchi yake, na ilibidi apewe karatasi ya muda ya kuingia. Ofisa wa kwetu akamuuliza amekuja kufanya nini na atakaa siku ngapi. Mzee akavua kofia.

"Nimekuja kuomba ruhusa," akasema. "Mtoto wa watu anakaa kwetu, na hatujawahi kuomba."

Ofisa aliacha kuandika, akamtazama, kisha akamjazia siku zake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Miaka yote ile nilijua kwamba mimi ndiye wa kuomba kukaa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayejiona ana wajibu wa kuniombea kwa watu wangu. Hasira yangu iliniishia palepale, nikaona aibu, na nikafurahi pia.

Nyumbani baba yangu alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, Baba Mkubwa, aliyeokoka, akanywa chai, na wakaelewana vizuri. Kabla mbuzi hawajachinjwa, baba aliniita mbele ya watu.

"Mwanangu, nile? Nikishakula, kwako ni huko."

"Kula, Baba," nikasema, nikalia, na mama naye akalia.

Tuliporudi mpakani, mwenye miwani alinyoosha mkono. "Cheti?"

Baba Mkubwa akasogea dirishani. "Cheti bado. Lakini mbuzi imekuliwa, na mwenye kuweka sahihi ni mimi. Ukimfungia huko, mimi nitamwekea nani sahihi?"

Ofisa aliingia chumba cha ndani na pasipoti yangu. Nilimkumbatia mtoto hadi akalia. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Mkubwa wangu amesema mwezi mmoja," akasema. "Usinirudie bila hiyo karatasi."

Mwezi ulitosha. Baba Mkubwa aliweka sahihi kwa msajili, polepole, na kibali kikatoka. Nilimsomea mume wangu kwenye kaunta ya duka, mara mbili, wateja wakisubiri.

Kibali hicho kina mwisho, na kikiisha tunaomba upya. Nilipoomba upya mara ya kwanza kila kitu kilijazwa mtandaoni, zikabaki alama za vidole tu, Nairobi. Asubuhi hiyo nilimkuta Baba Mkubwa kwenye benchi la nje ya ofisi, amevaa koti la kanisani, ametoka Migwani bila kumwambia mtu.

"Baba Mkubwa, leo huhitajiki," nikamwambia.

"Najua." Akasogea ili nikae. "Siku ya mbuzi baba yako aliniuliza, ukiwa na shida huku utasimama na nani. Nikamwambia ni mimi."