Mlinzi wa Chumba Kitupu

Mulongo alilipwa kuhakikisha chumba kimoja kinabaki kitupu. Ukiacha transfoma iliyonguruma humo ndani na ndoo mbili za mchanga, hamkuwa na kitu, na kazi yake ilikuwa hali isibadilike. Katika Eldoret hii, ambapo hata nafasi iliyo chini ya ngazi ina mpangaji, hiyo si kazi ndogo.

Zamani alipakia mahindi kwenye malori kule Turbo, hadi mgongo ukagoma. Mzee Mahamud, mwenye jengo letu, akamfanya mwangalizi. Fundi wa umeme alimweleza mambo ya chumba kile mara moja tu: transfoma imejaa mafuta, yakivuja, kizingiti kirefu cha saruji kinayazuia yasitoke mlangoni, na shimo la kokoto lililo chini linayameza, ili moto ukizuka usikute cha kula. Wengine tungesahau kufikia jioni. Mulongo aliyashika kama katekisimu.

Mimi nina duka la mazulia orofa ya kwanza, kwa hiyo niliyaona yote, na mara nyingi yalinikasirisha. Chumba kile ni kikavu, kina kufuli, tena kina joto. Julai hapa, joto ni mali. Kanisa liliomba kuweka viti vya plastiki. Apondi wa hoteli aliomba kuweka mitungi ya mafuta ya kupikia. Kuna jamaa aliyeomba kuacha jeneza siku moja tu, tena tupu. Wote walipewa jibu moja: "Hapa si pa kuweka kitu." Na ukichoka ukakalia kile kizingiti: "Simama. Hapa si pa kukaa." Nilimwona mtu asiye na utu.

Halafu mkewe naye akaomba. Nanyama anauza mitumba, na paa la chumba chao kule Huruma linavuja. Alikuja akasimama mlangoni.

"Baba Joy, ni kakona tu, hapo kushoto. Niweke marobota yangu, nikae hapo asubuhi hadi saa tano nikichambua nguo kabla ya soko. Huku kuna joto."

"Mama Joy, hapa si pa kuweka kitu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mvua ikanyesha, marobota mawili yakaota ukungu. Tangu hapo Nanyama hakumsemesha. Alipika, akapakua, akamgeukia binti yao: "Joy, mwambie baba yako chakula ndio hiki." Mulongo naye akamtuma Joy aseme asante. Waliishi hivyo wiki baada ya wiki. Aliniambia mwenyewe, akiutazama ukuta, kwamba hata usingizi ulikuwa umemkimbia. Nikamuuliza, si umpe tu hiyo kona? Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeleta jeneza.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mlipuko ulisikika chini, taa zikazima, moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye matundu ya hewa. Watu wa Apondi walikuja mbio na mabeseni ya maji. Mulongo alikuwa ameshapigia kampuni ya umeme simu wakate laini. Sasa alisimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono ameitandaza.

"Maji hapana! Hayo ni mafuta yanaungua, mtausambaza moto! Tokeni nje!"

Tulitoka. Zimamoto walifika na povu lao, lakini walikuta moto umebaki kidogo. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye kizingiti yakaishia hapo.

Walipomaliza, Mzee Mahamud alichungulia. "Kimeungua nini?"

"Hakuna, Mzee. Ni transfoma tu."

"Hakuna kitu? Sasa watu wa bima nitawaonyesha nini?"

Mulongo akamwomba radhi.

Nanyama alifika akihema. Alikuwa amesikia sokoni kwamba jengo limeungua. Akatazama ile kona ya kushoto. Ukuta ulikuwa mweusi hadi darini, na plasta imebanduka. Alikuwa amezoea kupitia kwa Joy, lakini Joy alikuwa shule.

"Saa nne," akamwambia mumewe. "Saa nne ningekuwa nimekaa hapo."

Wiki zote zile Mulongo alikuwa akiwaza marobota. Hakuwa amewaza mtu. Akaketi juu ya kizingiti, akalia mbele yetu sote.

Nanyama akamshika mkono.

"Simama, Baba Joy. Hapa si pa kukaa."