Mafuta ya Kitani kwenye Bunduki ya Baba Mkwe

Bunduki ya baba mkwe wangu niliijua kabla sijamjua mwenyewe, na sisemi hivyo kwa mbwembwe. Niliolewa Kinyala, katika ukoo ulioshika sana kutila, ile desturi ya Wanyakyusa inayomkataza mke wa mtu kukutana uso kwa uso na baba wa mumewe. Mzee akija njiani alikohoa mapema, nami niliingia migombani nikampa mgongo mpaka apite. Vijana wa mjini walishaanza kuyaacha mambo hayo, lakini mzee wetu hakuwa mtu wa kubadilishwa na redio. Kwa miaka mingi nilichokijua kwake kilikuwa kikohozi, kofia na visigino.

Baba yangu alikuwa seremala Tukuyu mjini. Sisi mabinti ndio tuliopiga msasa na kupaka, kwa sababu kaka zetu walipenda kupima na kukata, kazi za kuonekana. Kwa hiyo mbao nilizijua, na kuhusu vanishi nilikuwa na msimamo mkali ambao bado ninao. Kwenye kabati la vyombo inafaa. Kwenye kitu kinachoshikwa, kinachonyeshewa, kisha kinachohifadhiwa juu ya moshi wa jikoni, ni urembo wa muda mfupi.

Mume wangu hakuniuliza. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa, na yeye alikuwa anapeleka ndizi Mbeya. Kila safari alirudi na kitu ambacho zamani hakikupatikana: betri, sabuni ya kunukia, na safari moja kopo la vanishi kutoka nje. Akaipaka bunduki ya marisau ya baba yake kama zawadi, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Msimu wa mvua haukuisha kabla vanishi haijatoka malengelenge. Maji yakapenya chini yake, na mti ukaanza kuwa mweusi. Mzee hakumlaumu mwanawe, ila aliendelea kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na bunduki iliyobambuka.

Mama mkwe ndiye aliyeamua niitengeneze. Chuma kilibaki kwa mzee mwenye leseni. Mume wangu alifungua skrubu, ukaletwa mti peke yake, kitako na pale pa kushikia, umefungwa kwenye kitenge cha mama. Nilimwambia mama sina hakika kama naruhusiwa kugusa kitu ambacho mzee anakilaza shavuni. Akafikiri kidogo, akasema kilichomo ndani ya kitenge chake ni chake. Nilimpenda sana mama yule.

Yeye alitaka nipake mawese ya Kyela, kama watu wanavyopaka mipini ya majembe. Sikubisha, ila nilidondosha mafuta ya kila aina niliyoyapata juu ya kipande cha kioo nikakiweka dirishani: mawese, alizeti, nyonyo, na mafuta ya kitani niliyoyanunua duka la vifaa vya ujenzi. Baadaye mawese, alizeti na nyonyo bado yalikuwa maji maji, vumbi limenata, na panya walishapita kuonja. Ya kitani yalikuwa yameshika yakawa ngozi nyembamba. Mafuta yasiyokauka yanauchafua mti tu. Yanayokauka yanaingia ndani na kugandia humo, na maji yakija yanakuta nafasi imeshachukuliwa.

Kabla ya kukwangua vanishi niliutazama mti kwa muda, kama nilivyofundishwa. Anayeweka bunduki bega la kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa kitako. Upande huo ulikuwa na bonde laini lililochimbwa na shavu la mzee tangu ujana wake. Lakini vanishi ndani ya bonde ilikuwa nzima, inang'aa. Upande wa kulia, ambako hakukuwa na bonde lolote, vanishi ilikuwa imesuguliwa ikaisha, na mti umeshika jasho. Tangu mwanawe aipake, mzee alikuwa anapiga kwa bega la kushoto.

Nilimuuliza mama kama mzee anaumwa bega. Akasema hapana, kuni anapasua mwenyewe. Halafu akaweka chini bakuli alilokuwa ameshika. Akasema siku hizi chai anaimwagia nje ya kikombe, na ukimjia kutoka kulia anashtuka. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. Watu wote waliokuwa wakimtazama usoni kila siku hawakuliona, pamoja na mke wake. Nilijisikia vibaya, kana kwamba nimemchungulia mtu akioga.

Nilimwomba mama ampelekee maneno haya, kwa heshima zote.

"Mwambie mzee nimeona shavu limehama."

Jibu lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mzee aliomba nisimwambie mtu. Aliomba msimu huu tu, mpaka mahindi yavunwe, kwa sababu mashamba ya mlima mzima yalikuwa yanamtegemea yeye, na mwanamume asiyelinda shamba lake anabaki kuota moto na wanawake. Nilimhurumia. Lakini usiku mashambani mlikuwa na watu kwenye vibanda vya kulindia, na wengine walipita na vibatari kwenda kuwapokea wenzao, na yeye alikuwa anapiga gizani kwa jicho moja ambalo nalo sikujua hali yake.

Nilifanya kazi. Nilikwangua vanishi kwa kioo kilichovunjika, nikasugua kwa msasa mlaini bila kuligusa lile bonde. Nilipasha mafuta kwenye maji ya moto, nikayapunguza uzito kwa tapentaini, nikayasugua kwa kiganja mpaka mti ukawa na joto. Mwisho wa kitako ndiko ulikokunywa zaidi. Kisha nikafuta yote yaliyobaki juu, maana yanayobaki juu ndiyo yanayonata, na matambara nikayaanika uani moja moja, kwa kuwa yakikunjwa pamoja huweza kuwaka yenyewe. Nilirudia hivyo kila mti ulipokauka, mpaka ukakataa kunywa. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupaka.

Mama alipokuja kuuchukua nilimwambia bado haujakauka. Akarudi tena, nikasema bado. Na kweli kwetu hewa imejaa maji, shuka tu inalala kwenye kamba ikaamka mbichi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubisha. Mume wangu alilalamika kwamba nguruwe wanatumaliza. Nilimwambia mafuta ya kitani hayataki haraka.

Mahindi yalipokuwa yamekomaa, asubuhi moja nilisikia kikohozi mlangoni kwangu, mahali ambapo mzee hakuwa amewahi kufika. Hapakuwa na pa kukimbilia. Niligeukia ukuta, nikajifunika kanga kichwani. Alisimama nje ya kizingiti.

"Mkamwana, mafuta yamekauka?"

Desturi hainiruhusu kumjibu.

"Basi yasikauke," akasema. "Mwaka jana niliona mahindi yanatikisika, nikapiga. Risasi zikapita juu. Nikasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani, anakuja na kibatari, hana habari. Alikuwa mumeo."

Nilisikia fimbo yake ikiondoka taratibu, ikigonga mawe. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anapanga mikungu ya kupeleka Mbeya. Aliniita nikamsaidie kubeba, akaita tena, na mimi nilikuwa bado nimeshika ukuta kwa mikono yote miwili.