Mama Sapasui na Mke wa Mchungaji

Pesamino alipokuwa na miaka saba aliigiza kikohozi cha shemasi katikati ya sala, tena kwa ufundi hata shemasi mwenyewe akageuka kutafuta ni nani kamwibia kifua. Watu wakajua leo mtoto atachapwa. Shangazi yake Sinapati, mke wa mchungaji, alikuwa mbele anaongoza kwaya. Hakugeuza hata shingo. Mkono ukiwa bado hewani alisema, "Mino, nimekuona. Na Mungu amekuona. Ila mimi nimetangulia."

Kanisa zima la Wasamoa waishio ugenini, mtaani Māngere, likaangua kicheko, shemasi akiwamo. Baada ya ibada shemasi alimzaba Mino kikofi cha mapenzi, na mambo yakaishia hapo.

Sinapati ndiye aliyemlea. Mama yake Mino alirudi kwao, kisiwani Savai'i, kumuuguza bibi kwa miezi mitatu, na ile miezi mitatu ikawa miaka kumi na moja. Kwamba yule mtoto wa kiume alitembea kama binti na kupenda cherehani kuliko raga, hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo. Kila ukoo una fa'afafine wake, na usio naye humwazima wa jirani siku ya sherehe, kwani ukumbi utapambwa na nani? Shangazi alimfundisha kushona kofia za kanisani na kuimba sauti ya pili. Alichokuwa hakivumilii ni uvivu tu.

Mino alipokua akapata kazi ya udobi kwenye uwanja wa ndege, kukunja mablanketi ya abiria. Ijumaa jioni alipanda basi kwenda mjini, kwenye kilabu kimoja cha barabara ya Karangahape, ambako wanaume na fa'afafine walipanda jukwaani kwa magauni, mawigi na rangi za uso. Wenzake walikuwa warembo wa kukata na shoka. Yeye alijaliwa mabega ya mbeba mizigo na magoti yaliyogombana na kila kiatu kirefu. Basi uzuri akawaachia wenye nao, akajitafutia kicheko. Alijiita Mama Sapasui, kwa jina la zile tambi za mchuzi mweusi ambazo hazikosekani kwenye meza ya Msamoa, kwa sababu, alisema, hata yeye hawezi kualikwa mahali bila kumwagika.

Ndipo runinga ikamchukua. Shindano liliitwa Taji la Kusini: wasanii kumi na wawili, na kila wiki mmoja anafungasha virago. Wiki ya nne waliambiwa kila mmoja amwigize mtu. Wenzake wakaigiza waimbaji na malkia. Mino akatoka na gauni jeupe, kofia nyeupe ya ukindu na upepeo mkononi, akaongoza kwaya isiyokuwapo, akaisitisha mara tatu kwa sababu ya mtu wa sauti ya nne ambaye pia hakuwapo, kisha akasoma matangazo.

"Waliokula keki ya kikundi cha akina mama wanajulikana. Sitataja majina. Semisi, simama."

Akageuka kwenda zake, na bila kugeuza shingo akamalizia: "Nimekuona. Na Mungu amekuona. Ila mimi nimetangulia."

Jaji mmoja alicheka mpaka akatolewa nje kupata hewa. Mama Sapasui alifika fainali, akawa wa pili, na mwezi haukuisha kabla watoto wa shule na wauza samaki hawajaanza kuambiana "nimekuona". Mino alikuwa amekuwa mtu.

Jumapili aliyorudi nyumbani, ibada ilipokwisha, meza ya chakula ilitandazwa kama kawaida: magimbi, samaki wa nazi, majani kwa tui, na sapasui yenyewe. Katika nyumba ile kila mtu ana sahani yake. Ya Mino ilikuwa ya maua ya buluu, yenye ufa ukingoni, na alikuwa akiilia tangu utoto. Siku hiyo haikuwapo. Shangazi alimtazama kwa upole akasema, "Karibu," kama anavyoambiwa mgeni, akampa sahani ya karatasi.

Hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwapo! Mwaka mzima Mino alikula kwenye karatasi, na kwenye kwaya nafasi yake ya sauti ya pili ikapewa binti wa shemasi. Barabarani watu walimwomba picha. Nyumbani mchuzi ulimvujia magotini. Iliuma, na wala hakujidanganya kwamba haiumi.

Kisha mtayarishaji wa kipindi, mama mmoja wa Kizungu aitwaye Philippa, akampigia simu. Kulikuwa na msimu mpya wa kuwarudisha nyota wa misimu iliyopita.

"Lakini tunamtaka mke wa mchungaji," alisema. "Wengine unaowaigiza wote wazuri, ila watu wanamtaka yule. Bila yeye sina nafasi ya kukupa. Nijibu Jumatatu."

Jumamosi asubuhi Mino alikwenda kwa Shangazi. Alimkuta sebuleni anamalizia kofia, kwani mchana huo ukumbi mpya wa kanisa ulikuwa unafunguliwa.

"Shangazi, nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya nini? Ya kunichukua? Mbona nilishachukuliwa mwaka jana, nikatembezwa nchi nzima."

"Nilidhani utacheka. Nilipomwigiza shemasi hukunikataza."

"Shemasi alikuwa wapi siku ile?"

"Kanisani."

"Haya. Na kule kwetu visiwani mcheshi akimwigiza chifu, chifu yuko wapi?"

"Mbele. Kwenye mkeka."

"Na chai yake! Akiona yamezidi, anarusha ndala, watu wanacheka zaidi. Wewe uliniigiza mbele ya kila mtu, ukamsahau mmoja tu. Mimi. Nilikuwa kwenye kochi hilo hilo ulilokalia, pamoja na akina mama sita, na hakuna hata mmoja aliyetazama runinga. Walikuwa wananitazama mimi, kuona nitafanya uso gani. Ningemrushia nani ndala, Mino? Runinga?"

Mino akainuka kwenye lile kochi, akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo niwakatalie?"

"Sijasema hivyo. Nipe uzi mweupe."

Ukumbi ulifunguliwa kwa sala ndefu, hotuba ndefu zaidi na chakula. Mwisho ikabaki taualuga, ngoma ya kufungia, na wazee wakamwomba mke wa mchungaji aicheze. Sinapati, mwenye miaka sitini na mitatu, akainuka. Katika ngoma hiyo mchezaji hutulia katikati, mikono ikienda polepole, na pembeni yake watu hupiga kelele, huruka na kujigaragaza. Wao hujifanya wajinga ili yeye apande hadhi. Ni kazi, na kila mtu alijua ni kazi ya nani: ya mtoto aliyemlea.

Hakuna aliyenyanyuka. Simu zikatolewa mifukoni. Mino alijua wanachongoja: akiinuka, watasema Mama Sapasui amerudi kumfanyia shangazi yake vituko, akikaa, atakuwa amemwacha peke yake mbele za watu. Akavua viatu.

Aliingia bila wigi wala rangi, akapiga ukelele, akaruka, magoti yakamsaliti, akaangukia ngoma. Watu wakacheka. Lakini kila kicheko kilipoisha, macho yalirudi kwa Sinapati, aliyekuwa akicheza kama hakuna kilichoanguka. Basi Mino akafanya kinachofanywa siku zote: akalala kifudifudi miguuni pake, mgongo wazi. Mchezaji akitaka humkanyaga, ikawa heshima kwao wote wawili. Asipotaka, humzunguka.

Mino alisikia nyayo zikisogea, zikasimama. Pua yake ilikuwa kwenye mkeka. Alisubiri muda mrefu kuliko alivyowahi kuwasubiri majaji.

Mguu ukatua mgongoni, na uzito wote, na Shangazi hakuwa mwepesi.

"Mino," ilisema sauti ya kuongoza kwaya, ile ambayo hata ikinong'ona ukumbi mzima husikia. "Nimekuona. Na Mungu amekuona."

Akanyamaza. Kumbe naye alijua kungojesha watu.

"Ila mimi nimetangulia."

Ukumbi ukalipuka. Chini ya mguu Mino alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mkeka ukamwachia alama usoni mpaka usiku.

Kesho yake, baada ya ibada, magimbi yalipokuwa yakizungushwa mezani, Sinapati alisema bila kuinua macho, "Ukiongea na huyo mama wa runinga, mwambie nataka kiti cha mbele, katikati. Na nitakuja na ndala."

"Nitamwambia, Shangazi."

"Kula, chakula kinapoa."

Mino akainamisha kichwa juu ya maua ya buluu, akaanza kula, akiukwepa ule ufa kwa mazoea.