Mwarimu Wangu ni Mama

Enzi zetu, na msinicheke kwa kusema "enzi zetu" wakati nina miaka ishirini na saba tu, shule yangu ya kwanza ilikuwa juu ya dungu. Ninyi mliokulia Rufiji mnalijua: kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, unapanda kwa ngazi, na mtu akipiga chafya kinatikisika chote. Humo ndimo nilimojifunza kusoma. Jamani, nikikumbuka tu naanza kucheka peke yangu, wateja wangu hapa Kibiti wanadhani fundi cherehani kapata wazimu.

Baba alikuwa mhudumu wa zahanati. Kazi ilimtoa Mara, ikamleta mpaka kijiji kidogo upande wa Maparoni, na Mama akamfuata akiwa na mimi mgongoni. Shule ilikuwa ng'ambo ya mkondo, watoto walivuka kwa mtumbwi. Masika moja ule mtumbwi ukapinduka. Wote walitoka salama, wamelowa na wanacheka, lakini Mama hakucheka.

"Furaha havuki," alisema. "Nitamfundisha mimi."

"Wewe wa darasa la saba?" Baba akauliza.

"Kwani Musa ariwaambia wazazi wenye digrii?"

Baba akakubali. Maana kweli, Musa alipowaagiza wana wa Israeli wawafundishe watoto wao, hakutaja cheti. Alitaja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Na Mama aliyachukua maneno hayo jinsi yalivyo! Tukikaa, somo. Tukitembea, somo. Njia ya kwenda shamba ilipita kwenye mikoko, kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa kaa: walio nje ya mashimo, toa waliokimbia, wamebaki wangapi? Kaa hawatulii, nadhani ndiyo maana mpaka leo napiga hesabu haraka. Maji yakipwa, tope lile jeusi laini lilikuwa ubao wetu. Nilichora herufi kwa kijiti, kubwakubwa, tope likiniingia mpaka kwenye nywele. Maji yakijaa yanafuta yenyewe. Nani ana ubao kama huo sasa?

Na njaa ilikuwa ya kweli, si hii ya watoto wa leo ya kufungua friji na kusema hakuna kitu. Tulikula wali wa mpunga mpya, unanukia mpaka shamba la tatu, kwa kamba wa nazi, na ukoko tuligombea. Mchana kwelea kwelea wakishuka kama wingu, somo linakatika, wote tunasimama dunguni tunapiga debe na kupiga kelele. Huko ndiko kuamia ndege. Kisha Mama anasema, "Haya, turikuwa wapi? Daudi na Goriati," na hadithi inaendelea. Hakuna mtoto aliyewahi kumpenda Daudi kama mimi. Nilikuwa na kombeo mkononi na ndege elfu mbele yangu!

Mmeshasikia? "Goriati." Watu wa kwetu Mara tuna ugomvi wa zamani na herufi l; wa Baba uliisha chuoni, wa Mama haukuisha. Mama akitaka kalamu alisema "karamu", mtu akawaza pilau. Akitukaribisha chakula alisema "njooni kura". Jirani yetu Bi Zuhura, Mndengereko mwenye dungu la pili kutoka letu, alikuwa anamjibu kwa sauti kuvuka mpunga wote: "Kura yangu nishampa diwani, shoga! Mie nataka wali!" Wanacheka wote wawili mpaka ndege wanapata nafasi.

Tulicheka, basi. Hakuna aliyefikiri kuna neno.

Nilipofika umri wa darasa la tatu, Baba alikwenda kuongea na mwalimu mkuu wa ng'ambo. Wakakubaliana nipewe jaribio. Nikifaulu, naingia darasa la tatu na wenzangu, na sasa nilishajua kupiga kasia. Nikishindwa, Baba alisema bila kuficha, nitapelekwa kwa shangazi huko Mara nikaanze shule upya. Safari ya siku mbili. Nilimtazama Mama. Alikuwa anachambua mchele, mikono ikasimama.

Siku ya jaribio nilivaa gauni la kanisani. Hesabu nilizimaliza kabla mwalimu mkuu hajakaa vizuri. Kisha akaniambia niandike habari za mwalimu wangu. Ah, hapo ndipo nilipotaka! Nikaandika kwa mwandiko mzuri, nimeubana ulimi kwenye meno: "Mwarimu wangu ni Mama. Ananifundisha kusari, kurima na kuhesabu. Tukichoka tunarara kidogo."

Mwalimu mkuu alisoma. Akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Binti," alisema, anajifuta macho, "hebu sema: kulala."

"Kulala," nikasema. Vizuri kabisa! Nilicheza na watoto wa pwani kila siku, mdomo wangu ulikuwa wa huku. Lakini nikishika kalamu, mkono ulikuwa unamsikiliza Mama.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Baba, "Mtoto ana akili. Lakini nikimwingiza hivi, kila imla itamwangusha. Mlete baada ya wiki mbili nimjaribu mara ya mwisho."

Baba alipomaliza kueleza, Mama aliichukua ile karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, kisha kidole kikarudi na kusimama kwenye neno la kwanza kabisa. Nikaona machozi. Mimi nilijua Mama analia kwa nyimbo za kanisani tu.

"Yakobo arituonya," alisema. "Tusikimbirie kuwa wengi katika uarimu, maana hukumu yake ni kubwa. Mimi niriona ni heshima. Kumbe ni mzigo. Nimemharibu mwanangu kwa mdomo wangu. Basi, aperekwe kwa shangazi yake."

Nililia kwa sauti ya kuamia ndege.

Baba wangu si mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa vidonda na vidonge. Lakini siku ile alikaa chini, kwenye jamvi, akasema kitu ambacho mimi nimekibeba mpaka leo, na ninyi kina mama mnaofundisha watoto nyumbani nakigawa bure.

"Mama Furaha, Yakobo hakusema waache wote. Na Bwana mwenyewe alisema mwanafunzi akikamilika atafanana na mwalimu wake. Huyu amefanana na wewe mpaka kosa. Maana yake umefundisha kweli! Sasa umpe kingine cha kufanana nacho. Yesu aliyeitwa Mwalimu, kabla hajafundisha tunamkuta wapi? Ana miaka kumi na miwili, kakaa kati ya walimu hekaluni, anasikiliza na kuuliza maswali."

Mama akafuta pua kwa ncha ya khanga. Kisha akasimama.

"Twende," akaniambia.

"Wapi?"

"Kuuriza."

Tukapita katikati ya mpunga moja kwa moja mpaka dungu la Bi Zuhura. Mama hakupanda ngazi. Alisimama chini, mama mzima, mke wa bwana mganga kama walivyomwita, akasema, "Dada, naomba unifundishe kusema ere."

Nilidhani Bi Zuhura atacheka. Alikuwa na haki ya kucheka! Alitutazama, akaona macho yetu mekundu, akaacha kusuka ukili wa mkeka.

"Panda, mwaya," alisema. "Na mtoto apande. Leo hatutaniani."

Hawakumaliza robo saa wakaanza kutaniana. Maana Bi Zuhura alikuwa na njia yake, na wala haimo kwenye kitabu. "Mama wa bara, ukifukuza ndege unafanyaje? Rrrrr! Ulimi unatetemeka. Haya, ukibembeleza mtoto? La la la. Ulimi unapanda juu, unatulia. Ndege, rrr. Mtoto, lala. Basi, wewe ukisema unataka kurara, unamfukuza mtoto usingizini!"

Mama alicheka hadi akashika nguzo. Na tangu siku hiyo, wiki mbili nzima, mashamba yote yalikuwa yanasikia. Ndege wakishuka: "Rrrrr!" Wakiondoka: "La la la, kulala, kula, kulima, kalamu!" Madungu mengine yakaitikia! Mtu huku anapiga rrrr, mwingine kule anaimba lalala, mimi katikati naandika kwa mkaa kwenye ubao wa mtumbwi mbovu. Mama akikosea alijipiga kofi dogo mdomoni, akarudia, mbele yangu, bila aibu hata chembe. Sijawahi kuona mtu mkubwa akijifunza hivyo. Nilijifunza haraka kuliko yeye, tena mara mbili nikamsahihisha, akaniambia, "Asante, mwalimu." Alilitamka vizuri! Tuliruka mpaka dungu likalalamika.

Siku ya pili ya jaribio alivuka pamoja nami, anaogopa maji, kashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Niliandika imla ya mistari kumi. Mwalimu mkuu akapitisha kalamu nyekundu hewani kutoka juu hadi chini, haikutua popote. Akafungua daftari la kuandikisha wanafunzi.

"Shule aliyotoka?"

Mama akasema polepole, ulimi ukipanda juu na kutulia kila ulipotakiwa: "Alikuwa na walimu wawili. Mimi, na jirani yangu Bi Zuhura."

Mwalimu mkuu akaandika majina yote mawili. Sikwenda kwa shangazi.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi, nami nafurahi, sitaki kusema uongo. Binti yangu Tumaini ana miaka mitano. Watoto wa rika lake wanaishika simu wanaiuliza, inawajibu palepale kwa matamshi safi, na bando likiisha elimu nayo imeisha. Lakini watoto wetu wa leo hawajaona mzazi akiwa hajui. Tunajifungia chumbani tunatafuta jibu, kisha tunatoka tumenyoosha shingo kama tulizaliwa nalo. Nimekumbuka sana lile shamba lenye kelele.

Nina ndoto, msiniambie ni kubwa: baraza moja hapa Kibiti, jamvi, na mama yeyote aje na mtoto wake wasome pamoja, wa darasa la saba na asiyefika hata huko. Mtaji wangu ni kidato cha nne na cherehani moja. Jana Tumaini kaniuliza nyota zinakaa wapi mchana. Nilikuwa na nguo ya mteja mkononi. Nikaitua.

"Mama hajui," nikamwambia. "Vaa kandambili, twende tukaulize."